Misimu minne, elementi tano: Udongo wa Wachina uuweke wapi? Mwisho wa kiangazi, siku 18, au katikati

Ukianza kusoma habari za nguvu za misimu kwa Wachina, mwanzoni kila kitu kinakaa vizuri kabisa. Mti ni machipuko, Moto ni kiangazi, Chuma ni vuli, Maji ni majira ya baridi (vuli hapa ni ile ya kwao ya majani kupukutika, sio mvua zetu za Oktoba). Alafu unafika kwenye Udongo na hapo ndo watu wengi wanakwama, maana elementi ni tano na misimu ni minne, na kila kitabu unachofungua kina jibu lake. Kimoja kinakwambia Udongo una msimu wake wa tano mwishoni mwa kiangazi, kingine kinakwambia unachukua siku 18 za mwisho za kila msimu, kingine kinasema hauna siku hata moja, wenyewe umekaa katikati tu. Na wanaofundisha mitandaoni wengi wao wanakupa jibu moja kama vile mengine hayapo, kwahiyo ukikutana na mwalimu wa pili unahisi kuna mmoja anakudanganya.

Hakuna anayekudanganya. Majibu yote matatu ni ya zamani sana na mawili kati yake yamo ndani ya kitabu kimoja kilekile cha tiba. Shida inakuja pale mtu anapochukua tarehe za mpangilio mmoja, vyakula vya mwingine na maelezo ya watatu, anachanganya vyote, alafu anashangaa mbona havielewani. Kwahiyo nimeviweka pamoja hapa ili uchague kimoja ukijua unachagua nini.

Vigezo vyangu ni hivi: mpangilio umetoka wapi, unakaaje kwenye kalenda, unaendana na hali ya hewa unayoiona kwa macho au la, unasema nini kuhusu mwili na chakula, na je ukiwa unaishi mbali na China unaweza kuutumia bila kuuvunja. Baada ya hapo nani unamfaa.

Kwanza msingi, kwa haraka

Mti unazaa Moto, Moto unazaa Udongo (majivu hayo), Udongo unazaa Chuma, Chuma kinazaa Maji, Maji yanazaa Mti. Huo ni mzunguko wa kuzaa. Upo na wa kudhibiti: Mti unaushinda Udongo, Udongo unayashinda Maji, Maji yanaushinda Moto, Moto unakishinda Chuma, Chuma kinaushinda Mti. Sasa chukua misimu minne uipange: baridi kwenda machipuko ni Maji kuzaa Mti, sawa. Machipuko kwenda kiangazi ni Mti kuzaa Moto, sawa. Vuli kwenda baridi ni Chuma kuzaa Maji, sawa pia. Lakini kiangazi kwenda vuli ni Moto kwenda Chuma, na Moto hauzai Chuma, unakiyeyusha! Hapo tu ndo mwaka unakatika, na ukiliona hilo umeshaelewa kwanini Wachina wa kale walihangaika sana na Udongo, maana ndio pekee unaoweza kusimama kati ya hao wawili, unazaliwa na mmoja na unamzaa mwingine.

Kitu kingine, tusichanganye na falaki tuliyoizoea sisi watu wa pwani, ile ya nyota za moto, udongo, upepo na maji, ambapo nyota 12 zinagawanywa tatu tatu na udongo una fungu sawa na wenzake. Huku kwa Wachina upepo sio elementi, ni hali ya hewa iliyo chini ya Mti, na Udongo hauko sawa na wenzake, ndo maana kuna mjadala.

Na kalenda yao misimu inaanza mapema kuliko tulivyofundishwa jiografia. Machipuko yanaanza tarehe 4 Februari hivi, kiangazi tarehe 5 au 6 Mei, vuli tarehe 7 au 8 Agosti, baridi tarehe 7 au 8 Novemba. Shika hizi, tutazihitaji.

Mpangilio wa kwanza: Udongo kama msimu wa tano

Asili yake. Huu ndio maarufu zaidi, wenyewe wanauita changxia, yani kiangazi kirefu. Uko kwenye Suwen, sehemu ya Huangdi Neijing, kile kitabu mama cha tiba ya Kichina, kwenye sura zinazosema kwamba ini ni la machipuko, moyo ni wa kiangazi, bandama ni ya kiangazi kirefu, mapafu ni ya vuli, figo ni za baridi. Nakala tunayoisoma leo ilipangwa na Wang Bing mwaka 762, na yeye mwenyewe akaeleza kwamba kiangazi kirefu ni mwezi wa sita.

Kwenye kalenda. Mwezi wa sita wa Kichina unaangukia Julai hadi mwanzoni mwa Agosti. Hapa kuna mtego mkubwa: vitabu vingi vya Ulaya na Marekani, hasa vinavyofuata ile akyupancha (tiba ya sindano) ya elementi tano aliyoifundisha J. R. Worsley kule Uingereza, vinauweka mwisho wa kiangazi kuanzia Agosti mwishoni hadi Septemba. Kwa hesabu za Kichina Agosti mwishoni tayari ni vuli, wiki kadhaa zimeshapita! Kwahiyo watu wawili wote wanaosema wanafuata msimu wa tano wanaweza kuwa wanaongelea tarehe tofauti kabisa, na usipouliza hutajua. Jingine ni kwamba mgawo hauko sawa, Udongo unapata mwezi mmoja na Moto unabaki na miwili wakati wengine wana mitatu mitatu. (Wapo waliolitatua hilo kwa kumpa kila mmoja siku 72, mara tano inakuwa 360, iko kwenye vitabu vya kale vya Guanzi na Huainanzi, ila siku hizi kwenye matumizi ya kila siku sijaona watu wakiifuata kwahiyo sitakaa nayo.)

Nje unaona nini. Hapa ndo mpangilio huu unang'ara. Udongo unaenda na unyevu, na kaskazini mwa China mvua kubwa za mwaka zinakuja Julai na Agosti, joto na maji kwa pamoja, nguo hazikauki, mwili mzito. Ni kipindi hichohicho cha sanfu, zile siku za joto kali kabisa, zinazoanza kuhesabiwa kwenye siku ya tatu ya geng baada ya tarehe 21 Juni ambapo jua linafika mbali zaidi kaskazini. Geng ni mojawapo ya majina kumi ya siku yanayozunguka kwenye kalenda yao, nayo ni siku ya Chuma, na maelezo ya zamani ni kwamba Chuma kinataka kuja na vuli yake lakini kinauogopa Moto, kinajificha. Yani ule mkatiko niliousema juu wameuona wenyewe na wameuwekea tarehe.

Mwilini na mezani. Bandama kwa tiba yao sio ile tu inayoonekana kwenye altrasaundi, ni kazi nzima ya kusaga chakula na kugawa nguvu. Dalili zake za unyevu ni tumbo kujaa, hamu ya kula kupotea, ulimi kuwa na utando mzito. Ushauri wa kipindi hiki ni vyakula vyepesi vilivyopikwa, kupunguza vya barafu, na supu ya choroko ambayo China kila nyumba inaijua wakati wa joto. Hospitali zao nazo zina utaratibu wa kubandika dawa mgongoni siku za sanfu kwa watu wanaosumbuliwa na kifua wakati wa baridi, wazo likiwa kutibu ugonjwa wa baridi ukiwa umelala. Ladha ya Udongo ni tamu, lakini tamu ya wali, boga na viazi vitamu, sio ya soda.

Ukiwa mbali na China. Hapa pagumu. Julai Dar au Mombasa kusi inavuma, ni kukavu na kumepoa, kula kama vile uko kwenye joto la unyevu la Beijing ni kujichosha bure. Ukitaka kuutumia huku itabidi ufuate unyevu wenyewe uache tarehe, yani Aprili na Mei za masika, na hapo uwe mkweli kwamba huo ni mfano wako, haumo kwenye Suwen. Ndugu zetu wa Salalah kule Oman wao wana khareef, ukungu na manyunyu ya Juni hadi Septemba, kwao unyevu wa Julai wanauona kweli ingawa joto lake sio lile la China.

Unamfaa nani. Anayejifunza kwa mwili zaidi kuliko hesabu, anayependa kupika kwa msimu, anayefanya chigong au taichi (mazoezi ya polepole ya mwili na pumzi) na mwalimu anayefuata ratiba ya viungo vitano, na yeyote anayeanza, maana picha yake inakaa kichwani haraka.

Mpangilio wa pili: siku 18 mwisho wa kila msimu

Asili yake. Suwen ileile, sura ya 29. Mfalme Huangdi anauliza mbona bandama haina msimu wake, mganga wake Qi Bo anamjibu kwamba bandama ni Udongo, inatawala katikati, na katika misimu yote minne inakaa kwa siku 18 18 kwa niaba, haipewi msimu peke yake. Ndo maana nikasema majibu mawili yamo kitabu kimoja, na waliokikusanya hawakuona sababu ya kufuta moja. Mpangilio huu uko pia kwenye Baihutong, kumbukumbu za mjadala wa wasomi ulioitishwa na mfalme wa nasaba ya Han mwaka 79.

Kwenye kalenda. Msafi kuliko yote. Kila msimu una siku 90, unatoa 18, unabaki na 72, na 18 mara nne ni 72, kila mtu kapata sawa. Tarehe zake takribani ni 17 Januari hadi 3 Februari, 17 Aprili hadi 5 Mei, 20 Julai hadi 7 Agosti, 20 Oktoba hadi 7 Novemba, inaweza kusogea siku moja kwa mwaka. Angalia ile ya Julai inavyogusana na kiangazi kirefu cha mpangilio wa kwanza, ndo maana watu wanadhani ni kitu kimoja.

Nje unaona nini. Kwa kweli, sio sana. Hakuna hali ya hewa moja utakayoiona mara nne kwa mwaka ukasema huu ndo Udongo, Januari yao ni barafu na Julai yao ni jasho. Unachokiona ni mpito, ule wakati ambao msimu unaoondoka haujaondoka na unaokuja haujafika. Anayetaka kitu cha kushika kwa mkono hapa atachoka haraka.

Mwilini na mezani. Wazo ni kwamba mwili unabadilisha gia, kwahiyo unaupunguzia mzigo: kupunguza milo mizito, kulala kwa wakati, kutoanzisha vitu vikubwa. Japani walikichukua hiki wakakiita doyo na mpaka leo ile ya Julai watu wanakula samaki aina ya mkunga kwenye siku ya ng'ombe (siku nazo zinapewa majina ya wanyama 12), na desturi ya zamani ni kutochimba wala kugusa ardhi siku hizo. Napenda sana hiyo ya kutochimba, inaonyesha kwamba kwao haya hayakuwa maneno ya kitabuni, fundi wa ujenzi alikuwa anayafuata.

Ila matumizi yake makubwa ni kwenye hesabu. Anayesoma bazi, ile ya nguzo nne za kuzaliwa, atakuta kila mwezi una mnyama wake, na miezi minne ya Udongo ni ya ng'ombe, joka, mbuzi na mbwa, na hiyo ndiyo miezi ya mwisho ya kila msimu. Huwezi kusoma bazi ukiwa kichwani una msimu wa tano, kila kitu kitakataa.

Ukiwa mbali na China. Tarehe zinafuata jua, kwahiyo kwa anayefanya hesabu hazibadiliki popote alipo. Kwa anayefuata mwili ni mjadala. Kusini mwa ikweta wapo wanaogeuza kwa miezi sita, wapo wanaokataa, na sisi tulio karibu na ikweta yenyewe hatuna hata misimu minne ya kugeuza. Unachoweza kuchukua ni wazo la mpito, mfano ule wakati kaskazi inapolegea kabla masika haijashika, watu wa bahari wanaujua vizuri.

Unamfaa nani. Mwanafunzi wa bazi, wa fengishui (elimu ya kupanga nyumba na mahali), wa kalenda, na mtu ambaye mwaka wake unamsumbua kwenye mabadiliko, yani kila hali ya hewa ikigeuka yeye ndo anaugua.

Mpangilio wa tatu: Udongo katikati, hauna siku

Asili yake. Guanzi, kwenye sura yake ya misimu minne, inasema Udongo uko katikati na unaisaidia misimu yote. Alafu kuna kalenda ya miezi 12 iliyomo kwenye Lüshi Chunqiu, kitabu alichosimamia Lü Buwei karibu mwaka 239 KK, ikaingia pia kwenye Liji, kitabu cha kale cha taratibu na adabu, kwa jina la Yueling. Humo baada ya mwezi wa sita kinakuja kipande kifupi cha Udongo: mfalme anakaa ukumbi wa katikati, anavaa njano, bendera ya njano, anakula mtama na nyama ya ng'ombe. Siku ngapi? Hakuna hata moja iliyotajwa. Na Baihutong wana maelezo ambayo mimi nayaona mazuri kuliko yote, kwamba Udongo ni mtukufu haushiki cheo, kama mfalme asivyokaa kwenye idara moja, ndo maana misimu imebaki minne.

Kwenye kalenda. Hakuna cha kuhesabu. Ukitaka kuuona kwa macho nenda Beijing, bustani ya Zhongshan, kuna madhabahu ya ardhi na nafaka ya enzi za Ming, imemwagwa udongo wa rangi tano: wa kijani mashariki, mwekundu kusini, mweupe magharibi, mweusi kaskazini, na wa njano katikati. Unasimama pale unaelewa bila kusoma.

Nje unaona nini. Ardhi yenyewe. Machipuko yanachipua humo, kiangazi kinaivisha humo, vuli inavunwa humo, baridi inahifadhiwa humo.

Mwilini na mezani. Huu mpangilio ndo umezaa tiba kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 1232 mji wa Kaifeng ulizingirwa na Wamongolia, wakafa watu wengi sana, na daktari Li Gao (1180–1251) aliyekuwepo pale akasema waliokuwa wanakufa hawakuwa na ugonjwa wa baridi kutoka nje kama wenzake walivyotibu, walikuwa wamechoka, wameshinda njaa, wana hofu, bandama na tumbo vimevunjika. Akaandika Piwei lun, kitabu kizima kuhusu bandama na tumbo, hoja yake ikiwa kwamba katikati pakianguka viungo vingine vyote vinafuata, msimu uwe wowote. Miaka mia tano baadaye Huang Yuanyu (1705–1758) akaipeleka mbele zaidi, kwake Udongo ni kama ekseli, Mti unapanda upande mmoja, Chuma kinashuka upande wa pili, na katikati ndo panazungusha. Kwa mezani maana yake ni moja: usingoje Julai ndo uanze kuheshimu tumbo lako. Kula kwa saa zilezile, chakula cha moto, usile ukiwa na mawazo mengi, maana kuwaza kupita kiasi ndo hisia inayouumiza Udongo.

Ukiwa mbali na China. Unasafiri bila shida yoyote. Kigoma, Bujumbura, Muscat, Toronto, katikati ni katikati tu.

Unamfaa nani. Anayeishi sehemu isiyo na misimu minne, mwenye tumbo la kusumbua mwaka mzima, na msomaji wa falsafa anayetaka kuelewa wazo kabla ya ratiba. Hamfai anayehitaji tarehe ili afanye kitu, maana mpangilio huu hautakusukuma, ukiwa mvivu utabaki kusoma tu.

Sasa kwa hali yako

Kama unasoma na mwalimu, muulize kabla ya kuanza: Udongo wako unauweka wapi, na kama ni mwisho wa kiangazi, ni Julai au Septemba? Jibu lake fuata mpaka umalize kozi, hata kama kitabu chako cha nyumbani kinasema vingine.

Kama uko Afrika Mashariki na unataka kitu cha kuishi nacho, mimi ningeanza na wa tatu, alafu masika ikija ningeongeza ule ushauri wa unyevu wa mpangilio wa kwanza, kwa kujua kabisa kwamba nimeazima.

Kama uko Ulaya au Kanada ambako misimu minne unaiona dirishani, wa kwanza utakupa raha, ila angalia nje unyevu upo kweli au umeandikwa tu. Ukiona Agosti yako ni kavu, sura ya pili ya Suwen inaongelea misimu minne tu bila Udongo, inakwambia machipuko na kiangazi chelewa kulala wahi kuamka, vuli wahi kulala uamke na kuku, baridi wahi kulala usubiri jua litoke, na hiyo inatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza.

Kama ni bazi au fengishui, wa pili, hakuna mjadala hapo.

Kama unaumwa, dalili zako zimekaa wiki, unapungua uzito au kuna damu, hospitali kwanza, mipangilio hii haikuandikwa kuchukua nafasi ya vipimo.

Na kama umeshaanza na mmoja na unahisi haukai, kabla hujahamia mwingine upe mwaka mzima, maana huwezi kujua msimu unakuambia nini wakati umeupitia nusu.